Mwenye Kona

Kilichonishtua kwanza hakikuwa kishindo, lilikuwa jibu. Nilikuwa dirishani, ghorofa ya juu ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe, nimerudi likizo kutoka bara ninakosomea shahada ya uzamili ya sheria. Honi ya vespa ya baba ilikuwa imelia kabla ya kona kama inavyolia siku zote: mara mbili, fupi, yenye adabu. Kutoka upande wa pili wa ukuta ikajibu honi nyingine, ndefu na kavu. Kwa desturi ya vichochoro vyetu, anayesikia jibu la namna hiyo husimama akangoja. Badala yake nikasikia injini ya baba ikiongeza mwendo, kisha breki, kisha chuma kikikwaruza ukuta wa mawe.

Nilipofika chini, kijana mmoja aliyekuwa amefunga trei za mayai nyuma ya pikipiki yake alikuwa amesimama katikati ya ute na maganda. Ilham, binti wa dada yangu Nasra, ambaye baba humpeleka chuo cha Kurani na kumrudisha kila siku, alikuwa bado amesimama mbele ya kiti cha vespa, baina ya mikono ya babu yake, juzuu yake kifuani na ushungi wake umejaa vumbi la chokaa. Hakulia. Alikuwa akiyatazama mayai.

"Mzee, mie nshapiga honi!" kijana alisema. "Wallahi nshapiga, tena ndefu, mtaa mzima umesikia!"

Baba alimtazama kwa upole, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi asiyejua somo. "Siku nyengine ukifika konani piga honi, mwanangu. Ndiyo sheria."

"Si nakwambia nshapiga!"

"Hakupiga," baba aliniambia mimi, akiikagua taa ya mbele iliyopinda. "Angepiga, ningengoja."

Hakuwa akidanganya. Hilo ndilo lililonikalisha kwenye ngazi ya mlango wetu, wakati mtu yeyote mwenye akili angekuwa anatafuta ndoo ya maji ya kuoshea njia. Sentensi ile nilikwisha kuisikia, mtaa huo huo, kutoka kinywa kingine, nilipokuwa bado na mapengo ya meno ya utoto.

Kinywa hicho kilikuwa cha babu, mzaa baba, aliyekuwa akiishi nasi. Alikuwa ameendesha malori tangu ujana wake, na alipostaafu alibaki na vespa moja ya rangi ya chai ya maziwa, aliyoifuta kila asubuhi kwa kitambaa alichokatazwa mtu yeyote kukitumia kwa kazi nyingine. Alinukia petroli na mafuta ya karafuu aliyojipaka magotini. Hadi leo harufu hizo mbili zikikutana mahali hunifanya nitafute kitu cha kushika, kwa kuwa nilikuwa nikisimama mbele ya kiti chake hivyo hivyo alivyosimama Ilham, viganja vyangu juu ya usukani, ndevu zake zikinikuna utosini. Sijui kama sheria yoyote duniani inaruhusu mtoto kusimama hapo. Babu, aliyezijua sheria zote, hii hakuitaja.

Watoto wengine walifundishwa na babu zao hadithi za sungura. Mimi nilifundishwa kipilefti.

"Nani mwenye haki?" angeuliza tukiukaribia mzunguko wa barabara.

"Anayetoka kulia!"

"Na mstari mweupe usiokatika?"

"Ukuta!"

"Ukuta hupitwa?"

"Haupitwi!"

"Na mwenye kwenda kwa miguu?"

"Ana haki hata akiwa hana haki!"

Hapo angecheka, kwani jibu hilo la mwisho lilikuwa lake mwenyewe na halikuandikwa popote. Lakini sheria aliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa ya vichochoro, ambako hakuna mstari, hakuna taa, wala kibao. Kuta za nyumba zetu zimesogeleana kiasi kwamba aliye upande huu wa kona hawezi kumwona aliye upande ule mpaka wagongane. "Kona ni mlango wa watu," babu alikuwa akisema. "Hupiti mlango wa watu bila hodi. Piga honi, ondoa mkono kwenye mafuta, sikiliza. Ukijibiwa, ngoja. Kukiwa kimya, pita kushoto kwako, taratibu."

Mimi nikaelewa kwamba katika kila kona anakaa mtu. Kwa nini mtu mzima apige hodi mahali pasipo na mwenyewe? Nilimwita Mwenye Kona, na nilikuwa na hakika kwamba si mmoja tu. Wa kona ya karibu na fundi cherehani alikuwa mzee mwenye usingizi, asiyejibu kamwe. Wa kona yetu, chini kabisa ya dirisha letu, alikuwa mwanamke mwenye shughuli nyingi, anayejibu mara kwa honi, mara kwa kengele ya baiskeli, mara kwa sauti ya mchukuzi wa gari la mkono akipiga kelele "Hababai! Hababai!" ili apishwe. Babu akijibiwa na kusimama, mimi nilidhani tumeambiwa tungoje mwenye nyumba ajifunge kanga. Kilichotokea baadaye, yaani baiskeli au gari la mkono kuchomoza na kutupita, nilikichukulia kuwa ni mgeni wake anayetoka. Sikuona haja ya kumuuliza mtu. Mtoto haulizi jambo analolijua.

Sikumbuki ni lini babu alianza kutosikia. Nadhani jambo la aina hiyo halina siku yake ya kwanza. Nakumbuka redio yake ilipanda sauti kidogo kidogo mpaka mama akawa anaipita kwa kuinamisha kichwa, kama anayepita chini ya kamba ya nguo. Nakumbuka alianza kwenda msikitini mapema mno, akiwa ameitazama saa, kabla ya adhana. Zaidi ya yote nakumbuka alivyokuwa akijibu "Naam" kwa kila kitu. Ulimuuliza kama chai imepoa, alijibu naam. Ulimuuliza kama ataongezewa wali, alijibu naam. Ulimuuliza ameweka wapi ufunguo, alijibu naam, kwa tabasamu la mtu aliyeridhika na dunia.

Bi Salama, jirani aliyekaanga kachori mlangoni mwake hatua chache kutoka konani, ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kulitania jambo hilo.

"Mzee Makame, shikamoo!"

"Marahaba."

"Masikio yako umemuazima nani leo?"

"Naam, naam. Nitie nne, na pilipili."

Wanawake waliokuwa wakingoja kachori zao walicheka hadi wakashikana mabega, na Rukia, binti wa Bi Salama aliyekuwa rafiki yangu na mkubwa wangu kidogo, akacheka kwa kuwa mama yake anacheka. Babu akacheka pia. Alilipa, akapanda chombo chake, akapiga hodi konani, akasikiliza. Sasa ninajua kwamba alikuwa akisikiliza kwa makini yote aliyokuwa nayo, na kwamba alichokipata kila mara kilikuwa kimya.

Siku moja alinichukua hadi Mkokotoni kumtazama dada wa marehemu bibi, aliyekuwa mgonjwa. Barabara kuu ilikuwa sikukuu kwangu. Babu alinivika kofia ngumu iliyonifunika hadi puani, naye akavaa yake juu ya kofia ya vito iliyodariziwa, na tukaenda katikati ya mikarafuu na migomba. Baada ya Mahonda lori likaja nyuma yetu na kuanza kupiga honi. Babu alikuwa amekwenda kulia kukwepa mashimo na hakurudi kushoto. Honi iliendelea, mlima na bonde. Mimi nilikuwa nimejiinua kwenye ncha za vidole, nikachungulia chini ya kwapa la babu, nikampungia dereva mkono, kwa sababu sikuwahi kuona mtu akitusalimia kwa muda mrefu namna ile.

Dereva huyo alitufuata mpaka tuliposimama sokoni. Alishuka jasho likimtiririka.

"Mzee, shikamoo. Leo nusura nikupandie, wallahi. Husikii honi?"

"Marahaba. Naam, kiti nimekibadilisha, cha zamani kilichanika."

Dereva alimtazama, kisha akaniangalia mimi. Hasira ikamtoka usoni na mahali pake pakaja kitu ambacho sikukijua wakati ule, na ambacho nimekuja kukiona mara nyingi tangu hapo katika nyuso za watu walio na haki ya kukasirika mbele ya mzee. "Mwanangu," aliniambia, "ukifika nyumbani mwambie baba yako dereva wa lori anamsalimu sana. Mwambie nimesema babu asije tena barabara kubwa."

Nilizifikisha salamu hizo neno kwa neno, na mama akaacha kupepeta mchele.

Usiku huo, kupitia pazia lililotenganisha kitanda changu na chao, niliwasikia.

"Mwambie baba yako aiache hiyo vespa," mama alisema.

"Nimwambie vipi?"

"Kwa mdomo, Omari. Watu huambiana kwa mdomo."

"Nikisema taratibu hasikii. Nikipaza sauti, jinsi nyumba hizi zilivyobanana, mtaa mzima utasikia nnamfokea babaangu. Kesho nsimame naye safu moja msikitini nkiwa nani?"

"Mwandikie, basi."

"Nimwandikie barua mtu nnaekula naye sahani moja? Kama mdai?"

"Wewe huogopi agongwe," mama alisema. "Waogopa kusikiwa."

Nilishangaa, maana nilivyofundishwa chuoni, mtoto mwema hanyanyui sauti juu ya sauti ya mzazi wake, hata kwa neno dogo la kuchoka. Baba alikuwa mtoto mwema. Sikuona mama anamlaumia nini.

Hata hivyo alijaribu. Ijumaa, baada ya sala, tumekizunguka chakula mkekani, alijisafisha koo na kusema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye wali, "Baba, naona vespa ile tuipumzishe sasa."

"Naam," babu alisema. "Mchuzi leo umekolea nazi."

Mama aliinuka akaenda jikoni. Mimi na Nasra tulicheka. Baba naye alicheka, kwa kitu nilichokidhani ni furaha, na nisingekosea sana kukiita hivyo: ilikuwa nafuu ya mtu ambaye amekwisha kutimiza wajibu wake na hakuvunja heshima.

Ikatokea alasiri moja, saa watoto wanapotoka chuoni. Siku hiyo nilikuwa na homa, nimelazwa kwenye kiti kirefu chini ya dirisha, na kwa hiyo babu alikuwa peke yake. Nilisikia hodi yake, fupi mbili. Nikasikia kengele ya baiskeli ikijibu, ngring, ngring, kwa nguvu ya mtu anayefurahia kuipiga. Kisha sikusikia vespa ikisimama. Sauti iliyofuata sitaieleza. Baada yake kukawa na utulivu, na ndani ya utulivu huo mafuta ya Bi Salama yakiendelea kuchemka karaini, kisha Bi Salama akaanza kuita jina la mwanawe.

Rukia alikuwa juu ya baiskeli ya kaka yake. Mguu wake ulibanwa baina ya chuma na ukuta wa kona yetu. Walimbeba kwenye mlango uliong'olewa bawabani, wakampeleka hospitali, na babu akabaki amekaa barazani kwetu, kofia yake mkononi, akimwambia kila aliyefika, "Mtoto hakupiga kengele. Angepiga, ningengoja. Nilisikiliza. Hakupiga."

Hakuna aliyemtilia shaka. Ningependa nilieleze hili kwa usahihi, kwa sababu ni rahisi kuwadhania watu wa mtaa wetu ubaya ambao hawakuwa nao. Babu hakuwahi kujulikana kwa uongo. Alikuwa ndiye mtu aliyeitwa waendesha vyombo wawili walipogombana nani alikuwa na haki ya njia. Upande wa pili palikuwa na mtoto wa miaka kumi aliyepanda baiskeli isiyo yake bila ruhusa. Wazee walikutana, wakasema ajali ni kadari, wakasema pia kwamba watoto wa siku hizi hawafuati taratibu, na babu akagharimia matibabu kwa hiari yake, jambo lililozidi kumpandisha machoni mwa watu.

Usiku wa siku ile ile nilisema, "Mimi nilisikia kengele." Nililisema wakati wa chakula, kwa sauti iliyotosha kusikiwa na wote isipokuwa babu. Mama alinitazama kisha akamtazama baba. Baba alikuwa amelishika tonge, akaendelea kulishika. "Ulikuwa na homa," alisema. Halafu akarudia, kwa upole zaidi, "Ulikuwa na homa, Maryam."

Rukia alipotoka hospitali na plasta hadi pajani, Bi Salama alimleta kwetu. Kaka yake alimbeba mgongoni. Walimkalisha barazani, mbele ya babu, na wapita njia wakapunguza mwendo.

"Sema," mama yake alimwambia.

"Nilipiga kengele," Rukia alisema.

"Rukia!"

"Nilipiga, mama. Mara mbili nilipiga."

"Mguu umevunjika, na ulimi nao umevunja adabu? Mzee huyu mkubwa aseme uongo, wewe kijusi useme kweli? Sema!"

Rukia alinitazama mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni nyuma ya kanga ya mama. Kisha akakishika kiganja cha babu, akakibusu, akasema, "Nisamehe, babu. Sikupiga." Babu, ambaye sidhani kama alisikia hata neno moja, alimpapasa kichwani na kusema, "Naam, mwanangu. Mungu atakuponya."

Hapo ndipo nilipolipatia jambo hilo maelezo yangu mwenyewe, na maelezo hayo yalinitosha kwa miaka. Babu hasemi uongo. Rukia amekiri. Lakini mimi nimesikia kengele. Basi aliyepiga kengele ni Mwenye Kona, yule mwanamke mwenye shughuli nyingi. Aliwaambia wote wawili wangoje, na hakuna aliyengoja, ndipo akakasirika. Hesabu ilikaa sawa bila mtu mzima yeyote kuwa na kosa. Kwa muda mrefu nilipita pale nikinyata, nikisema hodi kwa sauti ndogo, na mama alinishika mara moja akaniuliza namsalimia nani. Nilipomweleza hakucheka kama nilivyotarajia. Alikaa kwenye ngazi akajifunika uso kwa upande wa kanga.

Plasta iliondolewa, mguu ukabaki mfupi. Rukia hakuja tena kucheza. Karai la kachori liliondoka mlangoni, na kabla ya mfungo uliofuata nikasikia kwamba wamehamia Jang'ombe kwa ndugu zao. Babu aliendelea kupanda vespa yake hadi ugonjwa ulipomlaza. Mpaka anazikwa, hakuna aliyemwambia.

Nimezisoma sheria za barabarani tangu hapo kwa namna ambayo walimu wangu huisifu. Najua kwamba anayepewa leseni hutakiwa awe na afya ya kumudu chombo, na kwamba wajibu wa kutoa ishara hauna maana bila wajibu wa kuipokea. Elimu hiyo haikunisaidia kitu pale chini, kwenye ute wa mayai. Nilifanya alichofanya baba yangu: nilianza kutafuta sababu za kutosema. Pengine mawe ya ukuta yanaipotosha sauti. Pengine honi ya kijana ilikuwa mbovu. Pengine ninamtafutia baba kosa kwa sababu nililikuta kwa babu. Kesho yake, baba akitawadha, nilisimama nyuma yake na kumwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikamwita tena. Nikaondoka kwa kunyata, na haya iliyonishika ilikuwa kama ya mtu aliyempekua mzazi wake mifuko.

Siku chache kabla ya kurudi bara nilikwenda na Nasra kwenye hitma Jang'ombe, na miongoni mwa wanawake waliokuwa wakigawa chai nikamwona mmoja anayetembea kwa kuinama upande mmoja, sinia likiwa limenyooka mikononi mwake kwa ustadi wa muda mrefu. Rukia alinitambua kabla sijaamua kama nitamwendea. Tulisalimiana, tukaulizana watu. Mama yake, alisema, alitangulia mbele ya haki.

"Alikuwa akinambia, mwanangu, mkweli hapati tabu," Rukia alisema. "Kila nikifanya kosa dogo: kuwa mkweli, usifanye kama siku ile. Sasa mie mwenyewe, Maryam, baadaye niliamini. Nikawa nasema labda kidole kiliteleza. Labda nlidhani nimepiga."

"Ulipiga," nilisema. "Nilikuwa dirishani. Nilisema usiku ule ule, wakaniambia nina homa."

Aliliweka sinia chini. Nilitarajia machozi, au hasira, na ningevipokea vyote. Alipangusa tu ukingo wa kikombe kimoja kwa kidole gumba. "Ungemkuta mama yu hai," alisema. Kisha mtu akaita chai ndani, naye akanyanyua sinia lake akaenda.

Usiku nilizungumza na Nasra.

"Baba hasikii."

"Anasikia akitaka."

"Nasra, hasikii. Na kila siku ana Ilham mbele."

"Mayai tu yamevunjika. Hakuna aliyekufa."

"Unangoja afe nani?"

Alikasirika, kisha akachoka. Anatoka kazini jua limezama. Mumewe yuko safarini, na mama hatunaye tena. Chuoni ni mbali kwa mtoto kwenda peke yake, na amemlea Ilham akijua kwamba baba yetu yupo. "Mwambie wewe," alisema. "Wewe ndo mtu wa sheria. Na wewe unaondoka. Mie nkimwambia, asubuhi yake nimtazame vipi?"

Niliondoka bila kusema. Huku bara niliandika ujumbe mara nyingi na kuufuta mara hizo hizo, si kwa woga peke yake: miwani ya baba haimtoshi tena, na anayemsomea ujumbe wa simu yake ni Ilham, kwa sauti, akifuatisha maneno kwa kidole. Nilifikiria kumwomba imamu. Nilifikiria kumtuma daktari anayewapima watu masikio, ambaye nilikwisha kumtafuta, amwalike kana kwamba imetokea kwa bahati tu. Kila njia niliyoibuni ilikuwa na sifa moja: sauti yangu haikuwamo. Na kila alasiri, saa ya watoto kutoka chuoni, niliacha nilichokuwa nikikisoma nikakaa nikiitazama simu isiyolia, nikiupokea ukimya wake kama habari njema mpaka kesho.

Leo sikuweza kungoja tena. Nilikuwa maktaba, nilitoka nikasimama ukumbini, mahali wanafunzi wanapopita, kwa sababu ndipo penye mtandao. Nilimpigia baba, akapokea haraka.

"Naam!"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Baba, nataka kukwambia kuhusu vespa."

"Alhamdulillahi. Huku mvua tumepata."

"Kuhusu Ilham, baba. Kumpakia."

"Mzima, mzima. Ndo nataka kumfuata sasa hivi, nshatia viatu."

Wanafunzi wawili walikuwa wakija upande wangu wakicheka. Nikavuta pumzi na kupaza sauti ambayo sijawahi kuipaza mbele ya mtu aliyenizidi umri, sembuse huyu.

"Baba! Husikii! Masikio yako hayasikii! Yule kijana wa mayai alipiga honi, nilimsikia! Usimpakie Ilham! Baba, usimpakie!"

Wanafunzi wale walisimama. Mmoja aliyashusha macho. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, kwa muda ambao ulinitosha kufikiri kwamba mtaa mzima umesikia, kwamba nimemvunjia heshima kwa maisha yake yote yaliyobaki, na kwamba huenda, baada ya hayo yote, hakusikia. Kisha baba akasema, kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuisikia:

"Nani mwengine anajua?"

"Sote, baba!" nilipiga kelele. Nilikuwa ninalia. "Sote tunajua!"

Nikasikia akikaa. Nikasikia kiatu kimoja kikivuliwa, kikaanguka sakafuni, na baada yake cha pili.

"Basi mpigie Nasra," alisema. "Mwambie leo mtoto amfuate yeye."